Kompyuta Niliyoikamata Msibani

Kwanza nieleze utani, maana asiyeujua atadhani mimi ni mwizi.

Mimi ni Mfipa. Rafiki yangu aliyefariki alikuwa Mnyamwezi, na kwetu Mpanda watu wa makabila hayo mawili tumetaniana muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeuliza ulianzaje. Mtani anakutukana mbele za watu na wewe unacheka. Akifiwa, unakwenda msibani kufanya vituko: unajilaza njiani jeneza lisipite, unavaa koti la marehemu, unadai pombe kwa sauti. Na zaidi ya yote unakamata mali. Unaingia ndani, unachukua kitu cha thamani, unatoka nacho, na wafiwa hawakipati mpaka wakikomboe kwa kuku au kwa chochote walicho nacho. Wakishakikomboa unakirudisha, watu wanacheka, na mfiwa anapumua kidogo. Ndiyo kazi yetu. Na kwa kazi hiyo mtani hakasirikiwi, afanye nini, avunje nini. Hilo ndilo lililonitesa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Rafiki yangu na mkewe walikuwa na chumba cha kuchapa pale Kawajense. Kompyuta yao ilikuwa ya mezani, kongwe hata kwa wakati ule, waliyoipata kwenye mradi mmoja uliofunga ofisi ukaondoka zake. Mume alizunguka kutafuta kazi, mke akachapa: mitihani ya shule, kadi za harusi, barua za watu wanaoomba ajira. Mke huyo, naye Mnyamwezi, nilimwita shemeji, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa anachapa bila kutazama vidole, huku anagombana na mtu aliyesimama mlangoni, na ugomvi anashinda na karatasi haina kosa.

Mimi nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya reli. Kutwa nzima napokea mizigo ya watu, napima, nabandika karatasi, nawafokea wapakiaji: "Polepole we! Hicho kinavunjika!" Nilikuwa najisifu kwamba mikononi mwangu hata yai linafika Tabora zima. Hilo mlikumbuke.

Basi rafiki yangu aliugua siku chache tu, homa ikampanda kichwani, akatutoka. Makaburini nililia mpaka sauti ikakauka. Tuliporudi nyumbani nikawaona wafiwa wamejiinamia, kimya, hata watoto hawachezi. Nikasema moyoni hapana, Mnyamwezi huyu haondoki hapa duniani bila vurugu. Nikaingia chumba cha kuchapa, nikachomoa nyaya, nikalinyanyua boksi la kompyuta nikaliweka begani, nikatoka nalo uwanjani.

"Nyie Wanyamwezi!" nikapiga kelele. "Si mababu zenu ndio walibeba pembe za ndovu mpaka pwani? Leo mmechoka? Leo Mfipa ndiye anawabebea!"

Watu wakaangua kicheko. Shemeji, ambaye tangu alfajiri hakuinua uso, akainua. Akacheka, mkono mdomoni, machozi yanamtoka. Na mimi jamani, nikipewa kicheko nalewa. Nikaanza kucheza. Nikauzunguka uwanja na lile boksi begani, naruka, natikisa mabega, wanawake wananipigia vigelegele. Nilipochoka nikalitua chini puu, kama gunia la mpunga linaloshushwa kutoka Majimoto, halafu nikalikalia.

"Silitoi mpaka nipewe kuku!"

Nikapewa kuku, tetea mwekundu. Nikarudisha boksi mahali pake. Nilikwenda nyumbani na tetea wangu kwapani, nikijiona nimefanya jambo jema, na kweli kwa siku ile lilikuwa jema.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kumjulia hali shemeji. Nikamkuta ndio anaiwasha kompyuta kwa mara ya kwanza tangu msiba. Taa ikawaka. Halafu kutoka ndani ikaanza sauti, ka-ka-ka, kama kuku anayedonoa bati. Akazima, akawasha tena. Ka-ka-ka. Kwenye kioo yakaja maandishi ya kusema diski haipo. Diski ndiyo lile sanduku dogo la chuma humo ndani linalotunza kila kitu, na bila hiyo kompyuta ni kabati tu la bati.

Ile puu niliisikia upya mikononi.

"Shemeji," nikasema, "ni mimi. Nililitua vibaya siku ile."

Akanitazama, akaanza kucheka. "Mtani hana kosa. Nani alishawahi kumdai mtani?"

"Lakini nimeivunja."

"Na kuku umekula. Basi yamekwisha."

Nikamwendea kaka wa marehemu, nikamweleza. Naye akacheka mpaka akashika ukuta. "Mfipa kubeba mzigo umejifunzia wapi wewe? Nenda zako bwana!" Kila niliyemwendea alicheka. Nilitaka mtu mmoja tu anifokee, anitukane kwa dhati, aniambie mjinga wewe umemvunjia mjane riziki yake. Hakuna. Hatia isiyo na mtu wa kuipokea inachosha, we acha tu. Unazunguka nayo mji mzima, unarudi nayo nyumbani.

Na nyumbani yuko yule tetea, anataga. Mke wangu akasema Jumapili tumchinje. Nikasema huyo hachinjwi.

"Kwa nini?"

"Hachinjwi tu."

Akaguna, akaendelea na kazi zake.

Kumbe wakati watu wanacheka, mambo ya shemeji yalikuwa mabaya. Mitihani ya kufunga muhula ilikuwa inakaribia, na mitihani ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wake sehemu kubwa ya mwaka. Wakwe zake walikuwa wameshakaa kikao. Walikuwa watu wema, sisemi, lakini walishaamua: kama mashine haifanyi kazi, chumba kiachwe, boksi liuzwe kwa mtu wa vyuma, yeye arudi kwao kijijini akalime. Aliniambia haya huku anakoroga uji, kama habari za jirani. Kijijini kwao hakuwa ameishi tangu akiwa msichana, na vidole vyake vilikuwa vya kuchapa, si vya jembe.

Nikasema diski nitaitafuta mimi, Tabora, hata kama ni kwa kuuza baiskeli yangu. Akakataa, nikamwambia ni utani huo, mtani anatoa zawadi akitaka. Akachukua bisibisi ya marehemu, akafungua boksi mwenyewe, akaitoa ile diski iliyokufa, akaifunga kwenye kitambaa.

"Hii iwe kipimo," akasema. "Niletee inayofanana nayo. Inayofanana, umesikia mtani?"

"Nimesikia."

Baiskeli ikauzwa. Nikapanda treni.

Fundi wa Tabora alikuwa na chumba nyuma ya studio ya picha. Mtu mnene, kijiti mdomoni, maneno mengi. Alizipokea habari zangu, akaigeuzageuza diski yetu, akaitikisa sikioni, akasema, "Hii marehemu." Neno hilo lilinichoma, lakini yeye angejuaje. Akatandika gazeti mezani, akapanga diski tatu.

Ya kwanza aliitoa kwenye mashine iliyonyeshewa mvua, akasema anaonyesha tu, hawezi kumuuzia binadamu. Ya pili ilikuwa ndugu wa ile yetu, umbo lile lile, nafasi ile ile ndogo, ila imetumika na karatasi yake ya juu imechanika pembeni. Akaichomeka kwenye mashine yake nisikie. Ikavuma, sauti nyembamba ya kama mbu, ikatulia. Ya tatu ilikuwa mpya, ndani ya mfuko unaong'aa, haijaguswa na mtu.

"Hii," akasema fundi, "utachapa mitihani mpaka wajukuu wako waoe na haijajaa. Lakini kompyuta yako ni kongwe. Mashine za umri ule macho yake yana mwisho. Unaweza kuiwekea diski kubwa ikashindwa kuiona. Utakuwa unampigia mbuzi gitaa."

"Inaweza kukubali lakini?"

"Inaweza. Inaweza na kugoma. Kazi yenyewe ni nini?"

"Kuchapa mitihani."

"Basi chukua hii ndogo, nenda kalale."

Nikazitazama zile mbili muda mrefu. Kichwa changu kilikuwa kimesikia vizuri kabisa. Moyo ndio haukusikia. Nilijiuliza, hivi kweli nimvunjie mjane kitu chake halafu nimpelekee mtumba uliochanika karatasi? Nilijiona nafika Kawajense, nampa ile ndogo, yeye anashukuru kwa adabu. Halafu nikajiona nampa ile inayong'aa, yeye anashika kifua, anasema mtani, umefanya nini? Nilikuwa nataka ile sura yake. Nilikuwa naitamani kama mtu mwenye kiu. Nikanunua ile kubwa. Fundi akainua mabega, akasema ikigoma niirudishe, mradi isiwe na mkwaruzo.

Safari yote ya kurudi niliipakata. Jirani yangu kwenye behewa aliniomba nimshikie mtoto ashushe mzigo wake, nikamwambia mikono imejaa.

Shemeji alipoifungua hakushika kifua. Aliigeuza, akasoma karatasi yake, akaguna.

"Hii siyo inayofanana."

"Ni bora zaidi, shemeji. Mpya kabisa."

Akaifunga ndani kwa bisibisi, tukangoja umeme, maana umeme wetu ulikuwa wa jenereta na ulikuwa na saa zake. Ulipokuja akawasha. Kompyuta ikaomba ielezwe diski ni ya namna gani, akaandika namba zilizo juu ya karatasi. Ikaganda. Akazima, akaanza upya, akaandika namba ndogo zaidi, tukiidanganya kwamba diski ni ndogo. Ikaganda. Safari moja ilikubali, tukashangilia, tukaanza kuilisha flopi za programu, zile diski bapa za plastiki, moja baada ya nyingine. Ikala mbili. Kwenye ya tatu ikaganda na kioo kikawa cheusi.

Hatukufanya hivyo siku moja tu. Tulifanya hivyo mpaka walimu wakaanza kuja. Walikuja na mitihani yao ya mkono, wakaketi kwenye benchi, wakatazama kioo cheusi, wakanitazama mimi, wakasema watapita kesho. Kesho yake tukasikia wamepeleka kwa bwana mmoja mwenye taipureta upande wa pili wa mji. Mwalimu mmoja alikaa sana, yule alimpenda marehemu, ilionekana anatafuta namna ya kuondoka bila kumuumiza mtu. Mwishoni alisema tu, "Dada, pole," akabeba bahasha yake.

Alipotoka, shemeji akazima swichi ukutani. Akanigeukia.

"Kaka yangu," akasema.

Si mtani. Si Mfipa. Nikajua utani umekwisha hapo.

"Ile ya msibani sikukudai na sitakudai. Ulinichekesha siku ambayo sikudhani nitacheka tena. Lakini hii siyo utani. Mimi nilikwambia uniletee inayofanana. Nilijua nasema nini, mashine hii nimeiishi. Wewe ukaenda ukanunua ya kujiosha moyo. Mimi nilitaka ya kuchapia."

Nikafungua mdomo. Akanyanyua kiganja.

"Ungeniuliza. Ulijionea huruma wewe, ukasahau kwamba mwenye shida ni mimi."

Ebu fikiria. Nilikuwa nimezunguka mji mzima naomba kufokewa. Sasa nimefokewa, kwa sauti ya chini, na mtu mwenye haki yote, na sikupata nafuu hata chembe. Maana alinifokea kwa jambo nililodhani ndilo jema langu. La msibani niliweza kulibeba, lilikuwa bahati mbaya na furaha vimechanganyika. Hili nililichagua nimekaa kwenye stuli, akili timamu, fundi ananikataza.

Nikapanda treni iliyofuata. Fundi aliponiona tu akatoa kijiti mdomoni. "Mbuzi amekataa gitaa?" Nikamwambia amekataa. Ile ndogo yenye karatasi iliyochanika ilikuwa bado ipo, namshukuru Mungu, imewekwa juu ya rafu na glasi ya chai juu yake. Nikairudisha ile inayong'aa. Sikuinunua ile ndogo kwa furaha wala kwa huzuni, niliinunua kama mtu anayetii.

Shemeji aliifunga, akawasha, ikavuma ile sauti yake ya mbu. Akaandika namba, ikakubali mara moja. Akailisha flopi zote, ikala zote. Akachapa mstari mmoja kujaribu, akaufuta. "Haya," akasema. Ndiyo shukrani niliyopewa, na ilikuwa kubwa kuliko niliyostahili.

Lakini mitihani ilikwishaondoka. Ilibaki shule moja tu ya Magamba, ambayo mwalimu mkuu wake alichelewa kila kitu tangu azaliwe, na safari hiyo akachelewa kwa faida yetu. Akaleta mitihani yake wakati wenzake wameshaanza kusahihisha. Wakwe walipokuja kumalizia shauri la chumba walimkuta shemeji anachapa, hakuinua macho. Wakanywa chai, wakazungumza habari za mvua, wakaondoka. Neno la kijijini halikurudiwa.

Alibaki Mpanda. Ila muhula ule wote aliuishi kwa shida, na shida hiyo niliiona kwa macho yangu, maana alikuja kuuza mihogo ya kuchemsha stesheni. Kila treni ilipokuwa ikijiandaa kuondoka, yeye na beseni lake wanapita madirishani. Mimi nipo kwenye mizani ya mizigo. Nilikuwa nainama kama natafuta kitu chini.

"Mtani!" ananiita. "Mfipa! Toka huko, njoo ule mihogo, uache kuroga mizani!"

Alishanirudishia utani. Watu wanacheka, na mimi natoka, nanunua, namjibu matusi yangu mawili matatu. Mihogo yenyewe sikuila. Nilikuwa nasubiri ageuke, nampa mpakiaji.

Muhula uliofuata walimu walirudi kwake, wote, hata yule wa bahasha. Miaka ikaenda. Ile diski ndogo ikaendelea kuvuma. Yule tetea mwekundu aliangua vifaranga, vifaranga wakawa kuku, mwenyewe akafa kwa kideri kama kuku yeyote. Uzao wake ulijaa uani kwangu na mke wangu alishaacha kuuliza.

Kabla miaka ya tisini haijaisha, mama yangu akafariki. Tulimzika mchana, tukarudi, nikakaa kwenye mkeka na wanaume. Ndipo nikasikia vicheko vinaanzia ndani, nikajua watani wamefika.

Shemeji alitoka mlangoni. Alikuwa ameichukua redio kaseti yangu, kitu nilichokipenda kuliko vyote nyumbani mle na kila mtu alijua. Lakini hakuibeba begani. Alikuwa ameiviringisha kwenye blanketi, akaifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, mkono mmoja nyuma unaitegemeza. Anatembea ameinama, hatua kwa hatua, anabembeleza.

"Nyie Wafipa!" akaita. "Sogeeni mjifunze! Mzigo wa msibani unabebwa hivi! Mababu zetu walifika pwani, na hawakuvunja kitu!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Wazee walicheka, wajomba zangu walicheka, kaka wa rafiki yangu alijipiga mapaja. Wote waliujua mkasa. Na yeye akauzunguka uwanja, ule mzunguko wangu mimi, ila polepole, akiruka kokoto kwa uangalifu. Akaja akasimama mbele yangu.

Nikaenda uani, nikakamata kuku mwekundu, nikampa. Akamtazama yule kuku, akanitazama mimi.

"Huyu ukoo wake naufahamu," akasema.

Akafungua kanga. Akaiweka redio kwenye stuli taratibu, akatoa blanketi, akabonyeza. Ikaanza kutangaza bei ya mahindi.

"Sikiliza, mtani," akasema kwa sauti ya mimi na yeye tu. "Inasema. Sasa na wewe itue hiyo hatia."

Hapo nilipasuka. Nililia kilio ambacho sikukilia makaburini, nikapiga magoti mbele ya stuli. Wajomba wakanishika mabega, wakaniambia jikaze, mama amepumzika, umemtunza vizuri. Shemeji hakuwasahihisha. Alisimama pale na kuku wake kwapani mpaka niliponyamaza.

Nilimlilia mama, Mungu anajua. Lakini machozi mengi ya siku ile hayakuwa yake, na mpaka leo nikienda kupalilia kaburi lake namwomba radhi kwa hayo.